Ufaulu na takwimu za wanafunzi katika shule za msingi za serikali Mbeya, Iringa na Njombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia katika vikao vya wazazi, katika kamati za shule na kwenye maandalizi ya kuandikisha watoto. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi ambaye mtoto wake anasoma katika shule ya serikali ya Nyanda za Juu Kusini, na anayetaka kuzielewa namba anazosomewa kabla ya kushangilia au kulaumu. Jambo moja linapita katika majibu yote: asilimia ya ufaulu haisomeki vizuri mpaka ujue ni watoto gani walioandikishwa, wangapi walibaki hadi darasa la saba, na walisoma katika hali gani.

Mwalimu mkuu akisema "tumefaulisha kwa asilimia 80", anamaanisha nini hasa?

Anamaanisha kwamba katika kila watahiniwa 100 waliokaa kwenye Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, 80 walipata wastani wa daraja A, B au C. Mtihani huo huandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, na kwa kawaida hufanyika mwezi Septemba. Masomo ni sita na kila somo lina alama 50, hivyo jumla ni alama 300. Anayepata jumla ya 121 na kuendelea amefaulu. Anayepata 120 amebaki daraja D na hahesabiwi kuwa amefaulu.

Ili upate kipimo cha kulinganishia, kitaifa waliofaulu mwaka 2022 walikuwa asilimia 79.62, mwaka 2023 walikuwa asilimia 80.58, na mwaka 2024 walikuwa asilimia 80.87. Kwa hiyo shule yenye asilimia 80 iko karibu sana na hali ya nchi nzima, wala hakuna sababu ya kuisifu kupita kiasi au kuidharau.

Je, "wastani wa shule" ni kitu kilekile?

Hapana. Wastani wa shule ni jumla ya alama za watahiniwa wote ikigawanywa kwa idadi yao, na husomwa katika kiwango cha 300. Shule mbili zinaweza kuwa na asilimia moja ya ufaulu huku wastani wao ukitofautiana sana, kwa sababu katika moja watoto wengi wameponea kwenye C ya alama 125 na katika nyingine wengi wana B. Ukisikia asilimia pekee, uliza wastani. Vilevile omba jedwali la madaraja kwa jinsi, linaloonyesha wangapi wamepata A, B, C, D na E, kwani humo ndimo sura halisi ya darasa inapoonekana.

Mtoto wangu alipata D darasa la nne nikaambiwa amefaulu. Inakuwaje D hiyohiyo darasa la saba ni kufeli?

Ni kweli, na jambo hili huwachanganya wazazi wengi. Katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, wanaopata A, B, C na D wote huhesabiwa kuwa wamefaulu, wakati darasa la saba mstari unaishia kwenye C. Maana yake ni kwamba asilimia ya darasa la nne na ile ya darasa la saba hazilinganishiki moja kwa moja, hata kama zinatoka shule moja na zimebandikwa ukuta mmoja.

Kwa mzazi, D ya darasa la nne ipokelewe kama taarifa ya mapema. Mtoto huyo ana miaka kadhaa ya kusaidiwa, na mara nyingi tatizo lake liko kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ambazo hazikukaa sawa tangu darasa la pili. Muulize mwalimu wa darasa somo lililomwangusha. Usisubiri matokeo ya mtihani wa utamilifu, yaani wa majaribio, wa darasa la saba ndipo ushtuke.

Shule ya kata jirani ina asilimia 95 na ya kwetu ina 82. Nimhamishe mtoto?

Kabla ya kumhamisha, fanya hesabu moja ambayo haifanywi mara nyingi katika vikao vyetu, nayo ni kurudi nyuma hadi mwaka watahiniwa hao walipoandikishwa darasa la kwanza.

Tuchukue shule mbili za mfano tu, tuziite ya kwanza na ya pili, ambazo kila moja iliandikisha watoto 110 mwaka mmoja. Katika shule ya kwanza, wakati wa mtihani wa darasa la saba walibaki watoto 64, na 61 kati yao wakafaulu. Hiyo ni asilimia 95, nayo itatangazwa kwa nderemo. Katika shule ya pili walifika 102, wakafaulu 84, sawa na asilimia 82. Sasa gawanya waliofaulu kwa walioandikishwa: shule ya kwanza imevusha watoto 61 kati ya 110, yaani asilimia 55, na shule ya pili imevusha 84 kati ya 110, yaani asilimia 76. Shule iliyoonekana dhaifu imevusha watoto 23 zaidi.

Watoto 46 wa shule ya kwanza walikwenda wapi? Wengine walihama na wazazi wao, na hao wanafuatilika, kwa sababu kila mwanafunzi ana namba ya PREM, yaani mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, na uhamisho hupitia humo. Wengine walikariri darasa, wakabaki nyuma ya wenzao. Waliosalia ndio mdondoko wa kweli: watoto walioanza kwa utoro, wakazoeleka kuwa watoro, kisha majina yao yakafutwa kwenye daftari bila mtu kugonga hodi kwao. Nasema kwa moyo mzito kwamba shule inayoruhusu watoto wanaosoma polepole wapotee kimyakimya itapata asilimia nzuri, na sisi wazazi tutaipigia makofi bila kujua tunachopigia.

Sisemi kwamba kila shule yenye ufaulu wa juu inaficha kitu. Zipo shule za serikali zinazofaulisha karibu wote na kuwabakiza karibu wote, na hizo zinastahili heshima kubwa. Ninachosisitiza ni kwamba swali la "wangapi walioanza?" liulizwe kila mara linapotajwa swali la "wangapi wamefaulu?".

Mbona shule yetu ndogo ya milimani hupanda na kushuka kila mwaka?

Kwa sababu ina watahiniwa wachache. Shule yenye watahiniwa 20, kama zilivyo nyingi katika vijiji vilivyotawanyika vya Makete na Ludewa, hubadilika kwa asilimia 5 kwa kila mtoto mmoja. Watoto watatu wakiugua au wakiwa na mwaka mgumu, ufaulu unashuka kutoka 90 hadi 75, ilhali mwalimu ni yuleyule na ufundishaji ni uleule. Ndiyo maana NECTA, ilipokuwa ikizipanga shule kwa nafasi, ilizitenganisha zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 au zaidi. Kwa shule ndogo, angalia miaka mitatu au minne kwa pamoja.

Kwa nini siku hizi hatusikii shule kumi bora?

Mwanzoni mwa mwaka 2023 NECTA ilieleza kwamba haitatangaza tena shule bora na wanafunzi bora kitaifa, kwa hoja kwamba shule hazifundishi katika mazingira yanayofanana. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki. Shule ya mjini Iringa yenye umeme na walimu wa kutosha, na shule ya bonde la Usangu ambayo watoto wake huvuka vijito vilivyojaa masika, haziwezi kuwekwa kwenye ngazi moja. Matokeo ya kila shule bado yanawekwa wazi kwenye tovuti ya baraza, kwa mkoa na halmashauri, na yeyote anaweza kuyasoma.

Shule hukusanya taarifa gani kuhusu wanafunzi? Je, makabila yamo?

Ingia ofisi ya mwalimu mkuu na utaona ubao wa takwimu ukutani, wenye safu za ME, KE na JML, yaani wavulana, wasichana na jumla, kwa kila darasa kuanzia awali hadi la saba. Pembeni yake kuna ikama ya walimu, idadi ya vyumba vya madarasa, madawati, matundu ya vyoo, na mara nyingi idadi ya wenye ulemavu na yatima. Takwimu hizo hupelekwa kila mwaka kwenye halmashauri hadi TAMISEMI, na ndizo zinazotumika kupanga walimu, vitabu na fedha.

Kabila si sehemu ya takwimu hizo. Hata Sensa ya Watu na Makazi haijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967. Mchanganyiko wa watu upo na kila mtu anauona: Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasangu, pamoja na familia za wafugaji wa Kisukuma waliohamia Mbarali na Chunya. Lakini jedwali linahesabu jinsi, umri na mahitaji ya mtoto, na ni vema liendelee hivyo.

Mbona darasa la kwanza lina mtoto wa miaka sita na mwingine wa miaka tisa?

Umri rasmi wa kuanza darasa la kwanza ni miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Wanaochelewa huwa ni watoto wa vitongoji vya mbali, ambao wazazi wao husubiri miguu ipate nguvu ya kutembea umbali mrefu, au watoto waliokuwa wakihamahama na mifugo. Kwa waliopitwa na umri kabisa upo MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ingawa shule nyingi hazina mwalimu wa kuusimamia.

Umri sahihi hutegemea cheti cha kuzaliwa, na hapa Mbeya ina historia yake: mwaka 2013 ndiyo ulikuwa mkoa wa kwanza kuanzishiwa utaratibu wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Kama mtoto wako hana cheti, mwandikishe kwanza, kisha ukifuatilie. Asikose mwaka wa masomo kwa sababu ya karatasi.

Je, ni kweli kwamba wasichana sasa ni wengi kuliko wavulana?

Kitaifa, ndiyo. Mwaka 2024 wasichana walikuwa takribani asilimia 54 ya waliosajiliwa kufanya mtihani wa darasa la saba. Tulizoea kuuliza wasichana wameishia wapi, na sasa inatubidi tuulize pia habari za wavulana. Katika mikoa yetu majibu hayako mbali: mvulana wa Chunya anaiona hela ya machimboni, wa Mufindi anaiona hela ya mbao, wa Usangu anakabidhiwa ng'ombe akiwa darasa la nne, na wa mjini anaona kijana wa bodaboda aliyemzidi miaka michache tu ana fedha mfukoni. Anapopata D darasa la nne na asisaidiwe, uamuzi wa kuondoka unakuwa mwepesi.

Hilo halimaanishi kwamba msichana yuko salama. Iringa na Njombe zimekuwa kwa miaka mingi mahali ambapo watu wa Dar es Salaam huagiza wasichana wa kazi za ndani, na wengine huchukuliwa mara tu baada ya mtihani wa darasa la saba, kabla hata majina ya kidato cha kwanza hayajatoka. Msichana wa namna hiyo anahesabiwa kuwa amefaulu, shule imesifiwa, lakini kiti chake sekondari kinabaki kitupu. Kuhusu mimba na ndoa, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi shuleni. Mzazi mwenye binti aliyekatizwa masomo aende kwa mwalimu mkuu na auombe utaratibu huo bila aibu.

Mahudhurio yanaathiri ufaulu kwa kiasi gani?

Kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo, ambazo ni karibu wiki 39. Mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki, siku ya gulio kwa mfano, anakosa siku 39 kwa mwaka. Kwa miaka saba zinafika 273, ambazo ni zaidi ya mwaka mzima wa masomo. Mtoto huyo amesoma miaka isiyotimia sita, lakini anapewa karatasi ileile ya mtihani.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, omba kuona daftari la mahudhurio la darasa la tano katika kijiji cha wakulima wa mpunga. Wiki za mwanzo wa muhula mistari imejaa. Mpunga unapoanza kukomaa, alama za utoro hutokea kwanza kwa majina mawili matatu, kisha zinashuka ukurasa mzima, kwa sababu watoto wamekwenda kuamia ndege tangu alfajiri. Mara nyingi majina yanayoanza kukosekana ndiyo hayohayo mwaka hadi mwaka. Kwenye nyanda za viazi, Uporoto na Njombe, ukurasa hubadilika wakati wa kuvuna na kujaza magunia. Kwenye vijiji vya chai na miti, hubadilika kazi za vibarua zinapofunguka. Baridi ya Juni na Julai nayo ina sehemu yake, kwani mtoto asiye na sweta wala viatu hafiki saa moja asubuhi kwenye ukungu wa Makete.

Siwalaumu wazazi wanaoishi kwa shamba. Shamba ndilo linalonunua daftari. Lakini kuna vijiji ambavyo serikali ya kijiji na kamati ya shule zimekubaliana kwamba kazi za watoto ni jioni na Jumamosi, na makubaliano hayo, yakisimamiwa na mtendaji, yanafanya kazi kuliko faini. Mwalimu akitoa taarifa ya utoro wiki ya kwanza, mzazi bado anaweza kurekebisha. Akiitoa mwezi wa tatu, mtoto ameshapotea.

Huku kuna chakula tele. Kwa nini walimu wanazungumzia lishe kila kikao?

Kwa sababu wingi wa mahindi ghalani haujamaanisha lishe bora kwa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu kwa watoto walio chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 30 kwa nchi nzima, lakini Iringa ulifika karibu asilimia 57, ukiwa wa juu kuliko mikoa yote, na Njombe ulikuwa takribani asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Maziwa yanauzwa, maharage yanauzwa, parachichi zinauzwa, na mtoto anabaki na ugali na mboga za majani asubuhi na jioni, huku mama akiwa shambani kutwa nzima hata katika miezi ambayo mtoto anahitaji kulishwa mara nyingi.

Udumavu hutokea zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, na madhara yake kwenye uwezo wa kujifunza yanaingia na mtoto darasa la kwanza. Mwalimu anampokea akiwa amekwishaathirika. Kwa hiyo takwimu ya ufaulu ya darasa la saba ina mizizi kwenye kliniki ya wajawazito ya miaka 13 iliyopita, na kumtupia mwalimu lawama zote ni kutomtendea haki.

Shule haiwezi kurudisha miaka hiyo, lakini inaweza kuondoa njaa ya mchana. Mtoto aliyekunywa uji saa nne na kula makande saa saba husikiliza somo la mwisho. Aliyetembea kilomita nne bila kitu tumboni anasinzia. Chakula cha shuleni katika shule za serikali za kutwa hutegemea zaidi michango ya wazazi ya mahindi, maharage na kuni. Kikao kipange kiwango ambacho kaya maskini inaweza kukitoa, na mtoto ambaye kwao hakikutolewa asirudishwe nyumbani wala asikae pembeni akiwatazama wenzake. Kumnyima sahani ni njia ya haraka ya kumfanya mtoro.

Idadi ya yatima ina uhusiano gani na taaluma?

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea yakiwa asilimia 4.4 kitaifa, lakini Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Dawa zimepunguza vifo sana, na ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini bado tuna watoto wengi wanaolelewa na bibi, shangazi au kaka mkubwa. Bibi wa miaka 70 hawezi kukagua daftari la hisabati, na pengine mjukuu ndiye anayemchotea maji. Shule ikijua hilo, inaweza kumpa mtoto muda wa kufanyia kazi zake palepale shuleni. Hali ya afya ya mtoto au mzazi wake ni siri, na haina nafasi kwenye ubao wala kwenye kikao.

Kwa nini Kiswahili kinafaulisha na Kiingereza na Hisabati zinaangusha?

Matokeo ya kitaifa ya miaka ya karibuni yana sura hiyohiyo, kwa hiyo si tatizo la shule yenu peke yake. Kiswahili mtoto anakisikia sokoni, kanisani, msikitini na redioni. Kiingereza hana mahali pa kukisikia nje ya vipindi vya darasani. Hisabati inajengwa ngazi kwa ngazi, na aliyekosa wiki za kugawanya kwa sababu ya kuamia ndege hatazielewa sehemu, wala asilimia baada yake. Kwa watoto wa vijijini wanaoongea Kisafwa, Kinyakyusa au Kisukuma nyumbani, hata Kiswahili huanza kama lugha ya pili. Mwaka wa awali ukifundishwa vizuri huwasaidia mno, nami nawasihi wazazi wasiuruke.

Walimu na madarasa vinatosha?

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba kimoja cha darasa, wanafunzi watatu kwa dawati, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Tangu utaratibu wa elimu bila ada ulipoanza Januari 2016, uandikishaji uliongezeka kwa kasi na shule nyingi zikavuka viwango hivyo, ingawa ujenzi wa shule mpya na madarasa, ukiwemo wa mradi wa BOOST, umepunguza mzigo katika baadhi ya kata. Mwalimu mkuu akisema shule ina wastani wa wanafunzi 50 kwa mwalimu, uliza wamegawanywaje, kwa maana huenda darasa la saba lina mikondo miwili ya watoto 30 na darasa la kwanza lina watoto 130 kwa mwalimu mmoja. Napinga sana mpangilio huo. Mwalimu hodari na chumba chenye nafasi vinahitajika zaidi pale mtoto anapojifunza kusoma.

Fedha za ruzuku ni kiasi gani?

Utaratibu wa elimu bila ada uliweka shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambazo kati yake 4,000 ni za vitabu vinavyonunuliwa na serikali kuu. Shule ya watoto 400 basi hupokea shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na michezo. Kamati ya shule ina haki ya kuona matumizi yake. Kumbuka pia kwamba fedha hufuata idadi ya wanafunzi, hivyo daftari likibeba majina ya watoto wasiokuwepo, au likiacha waliopo, hesabu nzima inakwenda kombo.

Mtoto mwenye ulemavu atapunguza ufaulu wa shule?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu wazi: hakuna mtoto wa kukataliwa kwa ajili ya asilimia. Wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi za maandishi makubwa, wasioona huandaliwa za nukta nundu, na huongezewa muda wa mtihani, mradi shule iwe imewasajili hivyo mapema.

Tumesikia mwaka 2027 watamaliza madarasa mawili. Ni kweli?

Ndiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa madarasa ya awali, la kwanza na la tatu. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza wakiwa darasa la sita mwaka 2027, sambamba na waliokuwa mbele yao ambao watamaliza la saba. Masomo yao hayafanani yote, hivyo mwaka huo usilinganishe ufaulu wa shule na wa miaka iliyotangulia kana kwamba ni mtihani mmoja.

Nitapata wapi takwimu za shule yetu, na niulize nini?

Anza kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Matokeo ya mitihani ya taifa yako kwenye tovuti ya NECTA. Omba takwimu za jumla, wala usiombe alama za mtoto wa jirani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Kama utapata nafasi ya kuuliza swali moja tu katika kikao, uliza hivi: watoto walioandikishwa darasa la kwanza pamoja na hawa wanaomaliza mwaka huu walikuwa wangapi, na wale ambao hawapo, kila mmoja yuko wapi? Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na katika kikao kinachofuata uombe lisomwe.